Rimu ya Kelestini

Kengele ya shule ilipotea siku ileile mpigaji wake alipozikwa, na kabla udongo wa kaburi haujakauka, shule nzima ilikuwa imekwisha kumjua mwizi. Mwizi alikuwa Jofrey wa kidato cha nne. Ushahidi haukuwepo, lakini hilo halikumsumbua mtu yeyote, kwa sababu Jofrey alikuwa na kitu kizito kuliko ushahidi. Alikuwa na historia.

Ni Jofrey aliyemvalisha mbuzi wa jikoni shati la sare na kumpanga kwenye foleni ya uji, ambapo mbuzi alipewa uji na kushukuru vizuri kuliko wengi. Ni yeye pia aliyebandika tangazo kwamba Wizara imelifuta somo la hesabu nchini, na kidato cha kwanza kikashangilia mpaka mmoja akazimia. Mtu wa namna hiyo, kengele ikipotea, haulizwi kama ameichukua. Anaulizwa ameiweka wapi.

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori la Bedford, iliyoning'inizwa kwa kamba ya katani kwenye mti wa mjohoro mbele ya ofisi. Kwa miaka yote ambayo mtu yeyote pale shuleni angeweza kuikumbuka, iligongwa na mzee mmoja, Kelestini, Mpogoro wa Mahenge, mfupi, mwenye mguu unaochechemea na nondo mkononi. Kila alfajiri wavulana walimtukana wakiwa ndani ya vyandarua vyao.

"Kelestini, kafie mbele!"

Naye kila alfajiri alijibu neno lilelile, kwa sauti ya mtu anayetangaza hukumu:

"Uji haulali!"

Wanafunzi wapya walidhani jibu hilo ni sehemu ya kengele.

Siku ya mazishi shule yote ilipanda tela la trekta kwenda makaburini, Ifakara mjini. Alibaki Jofrey peke yake kwenye chumba cha wagonjwa, ana malaria, amemeza klorokwini, anajikuna kama mbwa wa sokoni. Waliporudi, mjohoro ulikuwa mtupu na kipande cha kamba kilikuwa kinapepea.

Mkuu wa shule, Mwalimu Octavian, hakupiga kelele, na hapo ndipo watu walipoogopa. Alisema kwamba kumwibia marehemu ni jambo ambalo hata mbuzi aliyevaa sare asingelifanya. Alisema Ijumaa jioni, kwenye paredi, ama kengele itakuwa mtini, ama Jofrey atakuwa njiani na godoro lake kichwani, na polisi wataendelea na yaliyobaki.

Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Mama yake Jofrey, Edna, alikuwa mkata miwa kule Kidatu. Kila likizo alimwonyesha mwanawe panga lililotundikwa ukutani kando ya lake na kumwambia, bila hasira, "Hilo ni lako. Ukishindwa shule, linakusubiri, halina haraka." Jofrey aliogopa vitu vichache duniani, na hilo panga lisilo na haraka lilikuwa la kwanza.

Cha ajabu, na yeye mwenyewe alikiona kama aibu ya kitaaluma, ni kwamba safari hii hakufanya. Au hakukumbuka kufanya. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyomnyima usingizi.

Mwanzoni aliwashuku wengine, kama binadamu yeyote mwenye afya. Alimshuku mpishi, maana bila kengele uji ulichelewa na hakuna aliyejua. Alimshuku kiranja mkuu, ambaye alikuwa mwema mno kwake wiki hiyo, akimuuliza kama amekula. Wenzake walipoacha kuongea akiingia bwenini, alishuku kwamba wanamsema. Walipoendelea kuongea, alishuku kwamba wamebadilisha mada.

Mwalimu Octavian, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alimpeleka kwanza kwa Padre Beatus. Padre huyu alikuwa mlezi wa wanafunzi. Alisoma Ulaya miaka mingi elimu ya nafsi ya mtu, akarudi na miwani minene na karatasi zenye madoa ya wino, za kupimia mawazo ya mtu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina. Kaa. Hapa unaona nini?"

"Wino, Padre."

"Ukijiachia kidogo?"

"Wino mwingi."

Padre akaandika kitu. Jofrey akajuta. Karatasi ya pili akasema popo, Padre akaandika. Ya tatu akanyamaza kabisa, na Padre akaandika zaidi kuliko mwanzo. Ndipo Jofrey alipoelewa kwamba mbele ya mtu huyu hakuna jibu lisilo na hatia.

"Mtu ni kama kiboko mtoni," Padre akasema kwa upole. "Wewe unaona masikio na pua, unadhani umemwona. Mwili wote uko chini ya maji. Huko ndiko yaliko mambo uliyoyasahau tangu utotoni, hofu zako na hasira zako. Na huo mwili wa chini unaweza kutoka ukala mpunga wa watu, masikio yasiwe na habari."

"Kwa hiyo naweza kuwa nimeiba na sijui?"

"Sijasema hivyo, mwanangu."

"Lakini inawezekana."

"Inawezekana. Ulikuwa na homa siku ile. Uliota nini?"

Jofrey akasema hakuota. Alisema haraka mno, na Padre, kama kawaida yake, akaandika.

Kwa kweli aliota. Aliota yuko chini ya mjohoro, anang'ang'ana na fundo la kamba, analing'ata kwa meno, na bibi mmoja asiye na uso anamwambia, "Nitwishe, mume wangu." Akainua kitu kizito, akamtwisha kichwani. Bibi wa kwenye ndoto kumwita mjukuu mume si ajabu, mabibi wengi huwaita hivyo wajukuu zao. Ajabu ni kwamba alipoamka jioni ile alikuta nyuzi za katani chini ya kucha zake. Alizichomoa moja moja, akazitupa dirishani, na hakumwambia mtu. Tangu hapo alianza kujitazama kwa pembeni, kama mtu anayetazama mgeni aliyelala chumba kimoja naye, hajui usiku ataamka na nia gani.

Kwa kuwa masikio ya kiboko yalikuwa yamekwisha kuhukumiwa, akaenda kutafuta wakili kwa Mwalimu Venkat.

Mwalimu Venkat alitoka kusini mwa India kufundisha hesabu, mkataba ukaisha, akafunga mwingine. Alipanda mchicha na pilipili nyuma ya nyumba na kupika dengu zilizonukia mpaka bweni la pili. Ilijulikana kwamba kila saa ya chai yeye na Padre Beatus waligombana kuhusu neno moja tu: mimi. Wanafunzi waliona ni anasa kubwa, watu wazima wenye mishahara kugombania neno ambalo mtoto wa chekechea analijua.

"Shikamoo, mwalimu. Mkono wangu ukifanya kitu na mimi sina habari, nani kafanya?"

Mwalimu Venkat akaweka mwiko chini. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumletea swali zuri namna hiyo. Kwa kawaida walimletea visingizio.

"Mkono wako unaujua?"

"Ndiyo."

"Basi wewe si mkono. Homa uliijua? Basi wewe si homa. Ndoto uliiona?"

"Sikuota, mwalimu."

"Kama uliiona, aliyeiona si aliyekuwa ndani yake. Kwetu wazee walifikiri jambo hili karne nyingi. Nyuma ya mawazo yote yuko anayetazama tu. Huyo haumwi, haibi, hafukuzwi shule."

"Hafukuzwi?" Jofrey akasogea karibu.

"Atafukuzwaje? Hajawahi kuandikishwa." Mwalimu akacheka, kisha akawa makini. "Umewahi kuamia ndege shambani? Mawazo yako ni kwelea kwelea, yanakuja, yanapiga kelele, yanaondoka. Wewe ndiye uliyekaa juu ya dungu, unatazama."

Jofrey alifikiri. Dungu alilijua vizuri, kile kichanja cha miti katikati ya mpunga.

"Lakini mwalimu, aliyekaa juu ya dungu akitazama tu ndege wanakula, jioni anachapwa."

Mwalimu Venkat akacheka mpaka dengu zikaungua. "Hilo ndilo Padre analoniambia! Yeye anasema shuka chini, mtafute aliyejeruhiwa, umtibu. Mimi nasema panda juu, uone kwamba aliyejeruhiwa si wewe."

"Na mtihani wa taifa anafanya yupi?"

"Mtihani," akasema bila kutabasamu, "anafanya anayejua hesabu. Nenda kasome."

Jofrey aliondoka na shaka mpya. Padre alitaka akiri kosa asilolijua. Mwalimu Venkat alitaka asijali hata akifukuzwa. Je, kama wote wawili wametumwa na Mwalimu Octavian? Mmoja wa kumtoa maneno, mwingine wa kumfanya aondoke bila kelele? Ulikuwa mpango mzuri sana. Angeupanga yeye mwenyewe.

Alhamisi mchana zamu ya kuamia ndege kwenye shamba la shule iliwaangukia yeye na Mabula, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao upande wa Mngeta. Mabula alikuwa rafiki pekee aliyebaki, labda kwa sababu alikuwa mvivu wa kushuku. Wakapanda dungu. Mabula akapiga kombeo, kwelea wakaruka kama moshi, wakatua mbele kidogo, wakaendelea kula.

Jofrey akafumba macho. Aliamua kufanya jambo ambalo walimu wake wawili hawakuwahi kukubaliana kulifanya: kushuka chini na kukaa juu kwa wakati mmoja. Akairudia ndoto taratibu. Hakuikimbia kama alivyozoea, wala hakujitetea. Akalitazama fundo. Akazitazama nyuzi. Akamtazama bibi. Uso haukuja, lakini kitu kingine kikaja.

"Alikuwa anacheka," akasema.

"Nani?"

Ikabidi amweleze yote, ndoto na nyuzi za kucha. "Kajifunga kaniki, na kitambaa cha msiba kichwani. Halafu anacheka. Bibi yangu mimi yuko Kigoma, ananiita baba, hajawahi kuniita mume. Sasa huyu ni nani?"

Mabula akashusha kombeo.

"Kitambaa cha msiba, na anacheka?"

"Ndiyo."

"Wewe Jofrey umesoma mpaka umeoza. Anayecheka msibani si ndoto, ni mtani! Kwenu hakuna watani?"

Jofrey alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, watu wa kila mkoa, ambako aliyekufa alisafirishwa kuzikwa kwao. Utani aliujua wa mdomo tu. Hakuwahi kuona mazishi yenyewe.

"Mtani anakuja kuvuruga msiba," Mabula akaeleza kwa uvumilivu wa mtu anayemfundisha ndama kunywa maji. "Analala kaburini, anaiga marehemu alivyokuwa anatembea. Anabeba kitu cha marehemu, anakaa nacho mpaka watu wa marehemu waje kukikomboa. Kelestini alikuwa na mtani wake Mhehe, Bibi Theodosia, anakaa Viwanja Sitini. Mzee aliwahi kunituma nimpelekee salamu. Salamu zenyewe matusi matupu. Nikarudishiwa mengine nimletee."

Waliruka chini. Siku hiyo kwelea wa Ifakara walipata sikukuu.

Rimu ilikuwa barazani kwa Bibi Theodosia, wazi kabisa, mtu yeyote anayepita njia angeiona. Ndani yake kuku alikuwa ameatamia mayai.

"Shikamoo, bibi," Jofrey akasema, na kabla hajajibiwa alijua sauti itakayokuja.

"Marahaba, mume wangu. Homa imepona?"

Mabula akakaa chini kucheka.

"Nilimtupia mtani wangu udongo, nikawaacha wenzangu wanaimba, nikakimbilia shuleni," bibi akasema. "Mzee mzima nalihangaikia fundo, ukatoka wewe unaweweseka. Nikakuambia fungua, ukafungua kwa meno. Nikakuambia nitwishe, ukanitwisha. Ukanisindikiza mpaka getini. Kijana mwenye adabu sana, sijui mchana huwa unaharibikiwa na nini."

"Bibi, kesho nafukuzwa shule kwa ajili ya hiyo rimu."

"Basi waje kuikomboa. Jogoo mmoja, na matusi yangu wayasikilize mpaka mwisho. Nimeyapanga vizuri." Kicheko chake kikapungua, kama moto ulioondolewa kuni. "Nimekaa hapa tangu msiba natazama njia. Hakuna aliyekuja. Kelestini amezikwa kama mtu asiye na watu."

"Hakuwa na mke wala mtoto, bibi."

"Na wale aliowaamsha kila siku ni nani?"

Kuku akajigeuza juu ya mayai.

Njia nzima ya kurudi Jofrey alijishuku. Angeweza kusema tu, "Mwalimu, ameichukua bibi fulani," na hapo angenusurika, na polisi wangekwenda Viwanja Sitini. Angeweza kufuata elimu ya Mwalimu Venkat na kusema mikono ilifanya, yeye alikuwa anatazama. Angeweza kufuata ya Padre na kumsingizia kiboko. Kila njia ilikuwa na mlango wa kutorokea, na yeye alikuwa bingwa wa milango hiyo.

Mwalimu Octavian alimsikiliza mpaka alipofika kwenye fundo.

"Nani alilifungua?"

Jofrey alivuta pumzi. Aliliona lile panga ukutani Kidatu, tulivu, halina haraka.

"Mimi, mwalimu. Sikujua kama nafanya. Lakini ni mimi."

Halafu mkuu wa shule akauliza swali ambalo Jofrey hakulitegemea.

"Huyo bibi alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka, mwalimu."

Mwalimu Octavian akavua miwani. Naye alikuwa Mpogoro, kijiji kimoja na Kelestini, na siku ya mazishi alisimama makaburini na suti, akasoma hotuba. "Nilikuwa namtafuta mwizi," akasema polepole, kama anayejihoji mwenyewe. "Mimi, mtoto wa Mahenge, nimeona kitu cha marehemu kimebebwa siku ya msiba, nikatafuta mwizi."

Ijumaa jioni hapakuwa na paredi. Shule nzima ilikwenda Viwanja Sitini kwa miguu, mbele yao mkuu wa shule na jogoo kwapani. Bibi Theodosia aliwasubiri katikati ya uwanja, anachechemea kwa mguu mmoja na mwiko mkononi, Kelestini mwenyewe kabisa, na kidato cha kwanza kikapiga mayowe.

"Nani huyo anakuja na suti? Wapogoro mmeanza lini kuvaa nguo?"

Mwalimu Octavian alikohoa.

"Tangu ninyi Wahehe mlipoacha kula mbwa," akasema, "tukapata walinzi wa kuzilinda zikianikwa kambani."

Hakuna aliyewahi kumsikia mtu huyo akitania. Bibi alimtukana yeye, babu zake, mguu wa Kelestini, uji wa shule na namna Kelestini alivyokufa bila kuaga. Hapo akajifuta macho kwa kaniki na kusema ni moshi, ingawa moto haukuwashwa. Kisha akapokea jogoo. Kuku alihamishiwa kikapuni na mayai yake, na rimu ikatwishwa kichwani kwa Jofrey, kwa ombi maalumu la bibi.

Njiani walimu wawili walitembea kila mmoja upande wake.

"Nilisema," Padre Beatus akaanza. "Sehemu yake iliyozama ilijua yote."

"Na kama asingekuwepo aliyekuwa anatazama," Mwalimu Venkat akajibu, "kile kicheko angekikumbuka nani?"

"Jofrey, wewe unasemaje?"

"Nasema ni nzito, Padre."

Hakufukuzwa. Lakini mkuu wa shule, ambaye suti ilikuwa imemrudia, alisema kwamba aliyeishusha kengele kwa meno ataipandisha kwa mikono, na ataigonga kila alfajiri mpaka siku ya mtihani.

Jumatatu Jofrey aliamka gizani akiwa na usingizi na chuki kwa dunia nzima. Akachechemea mpaka mjohoroni, maana kandambili moja ilikuwa imekatika. Akainua nondo, akagonga. Mlio ukatambaa juu ya mashamba ya mpunga, na mabweni yakaanza kuguna. Kutoka ndani ya chandarua kimoja, kwa mazoea ya miaka, akiwa bado usingizini, Mabula akapaza sauti:

"Kelestini, kafie mbele!"

"Uji haulali!" Jofrey akajibu.

Neno lilitoka kabla hajalifikiria. Akasimama na nondo mkononi, akaitazama rimu inavyotikisika, akautazama mguu wake, akageuka nyuma taratibu kuona kama kuna mtu. Halafu, kwa tahadhari kubwa, akagonga tena.